Nafasi ya Nne ya Coastal Union: Kazi Iliyoanzia Langoni

Coastal Union ya Tanga, timu kongwe iliyoasisiwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, ilimaliza msimu wa 2023/24 ikiwa ya nne kwa alama 43, nyuma ya Yanga yenye 80 na ya Azam na Simba zilizolingana kwa 69; na mtu atazamaye umbali huo wa alama 26 baina ya wa tatu na wa nne aweza kudhani kuwa Coastal, Wagosi wa Kaya, waliiokota nafasi yao, ilhali hesabu za langoni zashuhudia kinyume.

Golikipa Ley Matampi, Mkongomani, alimaliza michezo 15 bila kuruhusu bao, nusu kamili ya michezo 30 ya ligi, akampita hata Djigui Diarra wa Yanga. Thamani ya jambo hilo ni kubwa, kwani asiyefungwa hatoki mikono mitupu: sare tasa humpa alama moja, na bao la pekee, japo la mpira wa kona dakika za mwisho, humpa tatu. Kocha David Ouma wa Kenya, aliyeipokea timu msimu ukiwa umekwisha kuanza, baada ya Mwinyi Zahera, alimkuta Lameck Lawi katikati ya ulinzi, na kwa busara akaanza kujenga hapo.

Kabla ya hapo Tanga ilikwisha kuonja upande wa pili, wa kufunga bila kulinda. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Arusha, Julai 2022, kikosi cha Juma Mgunda kilimshuhudia Abdul Suleiman “Sopu” akiifunga Yanga mabao matatu peke yake. Walakini nyuma nako yaliingia matatu, na kombe likaenda Jangwani, kwa Yanga, kwa penalti 4-1. Ulikuwa mchezo wa fahari kubwa, na huzuni yake haijatutoka.

Amma Kombe la Shirikisho Afrika la 2024/25 lilidhihirisha mpaka wa hikima ya Ouma. Bravos do Maquis ya Angola ilishinda 3-0 kwao. Marudiano yakawa 0-0, lango letu likasalimika, lakini deni la mabao matatu halilipwi kwa kulinda. Na wa kuyafunga, Sopu, alikuwa amekwisha kwenda Azam tangu 2022. Enyi viongozi wa Coastal, ukuta mliupata; tafuteni na mfungaji, na mkimpata msimwachie upesi.