Wanawake wa Meza ya Mkasi

Usiku wa tarehe 27 Machi 2022, wengi waliotazama tuzo za Oscar walibaki na kumbukumbu moja tu: kofi. Mwigizaji alipanda jukwaani, akamzaba mchekeshaji mbele ya dunia nzima, na kwa wiki kadhaa vijiweni hakukuwa na mada nyingine. Katika kelele zile Jane Campion, mama wa miaka 67 kutoka New Zealand, alichukua tuzo ya mwongozaji bora kwa filamu yake The Power of the Dog, akawa mwanamke wa tatu kuipata tangu tuzo hizo zianze kutolewa mwaka 1929. Kofi likamfunika.

Lipo jambo jingine la usiku ule lililofunikwa kabla hata kofi halijapigwa. Ili kipindi kisirefuke, waandaaji waliamua kwamba tuzo nane zitolewe mapema ukumbini, matangazo ya moja kwa moja yakiwa hayajaanza, kisha hotuba za washindi zipunguzwe na kuchomekwa katikati ya kipindi. Mojawapo ilikuwa tuzo ya uhariri wa filamu. Yaani tuzo ya wakataji nayo ikakatwa, na aliyeikata hakuwa mwingine ila mhariri, aliyeketi mahali fulani akitafuta pa kupitisha mkasi katika shukrani za mhariri mwenzake. Wahusika walilalamika, na mwaka uliofuata tuzo zote zikarudishwa hewani. Lakini heshima ya kazi hiyo ilikuwa imeshapimwa, na kila mtu alikuwa ameuona uzito wake.

Nasema haya kwa sababu kila msimu wa tuzo ukiingia, hesabu huanza: wanawake wangapi wameteuliwa safari hii, na wangapi wameachwa? Ni hesabu ya haki na mimi huifuatilia. Lina Wertmüller wa Italia aliteuliwa mwaka 1977, mwanamke wa kwanza katika kundi la waongozaji, na ikabidi ipite miaka 33 ndipo Kathryn Bigelow ashinde. Chloé Zhao akashinda mwaka 2021, Campion mwaka uliofuata, na hadi tuzo za 2025 hajapatikana wa nne. Kwetu Afrika hali haina nafuu. Tamasha la FESPACO la Ouagadougou, ambalo kamati yake ya kwanza ya mwaka 1969 iliongozwa na mwanamke, Alimata Salambéré, humpa mshindi sanamu ya Yennenga, binti mfalme shujaa aliyepanda farasi. Hadi tamasha la 2025, farasi yule wa dhahabu alikuwa hajawahi kwenda nyumbani na mwongozaji mwanamke. Mwanamke ndiye kinyago, wanaume ndio wenye kukibeba.

Hata hivyo hesabu hiyo inatazama kiti kimoja tu, kile cha mwongozaji. Anayetaka kuwasifu wanawake wa sinema na akaishia hapo amewaruka wale waliokuwamo tangu mwanzo, waliokaa kwenye chumba chenye giza nyuma ya mtambo, wakikata na kuunga.

Miaka ya mwanzo ya sinema, kukata mkanda kulihesabiwa kuwa kazi ya wasichana. Studio za Hollywood ziliwaajiri kwa ujira mdogo kwa hoja ile ile iliyowaweka wanawake kwenye cherehani za viwandani: vidole vyepesi, macho makali, subira. Hakuna aliyeona kwamba kuna akili inayotumika pale. Margaret Booth aliingia kwa mwongozaji D. W. Griffith kama muungaji vipande, akiwa binti wa shule aliyemaliza juzi. Baadaye alikuwa msimamizi mkuu wa uhariri katika studio ya MGM, cheo alichokishika tangu 1939 hadi 1968, na filamu haikutoka pale bila kupita chini ya jicho lake. Anne Bauchens alimhariria mwongozaji Cecil B. DeMille kwa takriban miaka 40, na mwaka 1941 akawa mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya uhariri. Sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kazi ikaanza kuonekana ya kitaalamu, mishahara ikapanda, na wanaume wakagundua ghafla kwamba nao wana vidole vyepesi.

Anayetaka kuwaona wanawake hao kazini kwa macho yake aitafute filamu ya Kisovieti ya mwaka 1929, Mtu Mwenye Kamera ya Sinema. Dziga Vertov aliiongoza, mdogo wake alishika kamera, na mke wake, Elizaveta Svilova, ndiye aliyeihariri. Katikati ya filamu, farasi anayekimbia na mkokoteni anaganda ghafla. Zinafuata picha nyingine zilizoganda, nyuso za watoto, kisha tunaona kwamba nyuso hizo ni vijipicha vidogo kwenye ukanda uliolala mezani. Svilova ameinama juu yake. Nyuma yake kuna rafu za mikunjo ya filamu iliyopangwa kwa makundi. Anauinua ukanda, anautazama kwenye mwanga, anakata, anaunga. Na mara yule mtoto aliyeganda anaanza kucheka. Sijaona maelezo mafupi zaidi ya kazi hii. Kamera imeleta maiti, na mwanamke wa mezani ameipa pumzi. Vertov anasomeshwa vyuoni kote duniani. Svilova hutajwa kwa nadra, na akitajwa huwa ni mke wa Vertov.

Mhariri hufanya nini hasa? Wengi hudhani anaondoa makosa: mwigizaji amesahau maneno, mtu amekatiza mbele ya kamera, basi toa. Hayo yapo, na ndiyo madogo kabisa. Kazi kubwa ni kuamua mtazamaji ajue nini na ajue saa ngapi. Mama anapopigiwa simu ya msiba, tumtazame yeye au tuitazame mikono ya binti yake anayemenya vitunguu? Tukikaa kwenye uso sekunde tatu, tunalia. Tukikaa sita, tunaanza kuona uigizaji. Hakuna kitabu chenye kipimo cha jambo hilo. Kipimo kiko mwilini mwa mhariri, anayetazama kipande kile kile mara arobaini na bado anapaswa kukitazama kama mgeni.

Anne V. Coates, Mwingereza aliyehariri Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, aliacha mfano ambao wanafunzi wa filamu hawachoki kuonyeshwa. Lawrence, akiwa ofisini Cairo, anashika njiti ya kiberiti inayowaka. Anaipuliza. Papo hapo tupo jangwani, anga nyekundu, jua halijachomoza bado lakini linakuja. Kwenye maandishi ya filamu, picha ya kwanza ilipaswa kufifia polepole huku ya pili ikijitokeza, kama ilivyokuwa desturi. Zama hizo ufifishaji huo ulifanyiwa maabara baadaye, kwa hiyo kwenye nakala ya kazi Coates alikuwa ameziunganisha picha mbili moja kwa moja, na alama tu ya kukumbushia. Walipoitazama nakala hiyo wakashtuka: pumzi inatoka, jangwa linaingia, hakuna kilicho katikati. David Lean, mwongozaji, alimwambia imekaribia kukamilika, akaikamilishe. Coates akarudi mezani, akapunguza fremu kama mbili. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, hivyo alichokiondoa ni sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Kwa kazi ile yote alipata Oscar, na aliendelea kukata hadi karibu na miaka 90. Miongoni mwa filamu zake za mwisho ni Fifty Shades of Grey, jambo linaloonyesha kwamba mikono ya ustadi haichagui kitambaa.

Ziko hesabu nyingine ambazo watu wa tuzo hawapendi kuziweka pamoja. Mwaka 1976, filamu ya papa ya Steven Spielberg, Jaws, ilimpa Oscar mhariri wake Verna Fields. Spielberg mwenyewe hakuteuliwa hata katika waongozaji. Wanaoijua filamu hiyo wanajua kwa nini. Papa wa mashine aliyetengenezwa alikuwa akiharibika kila kukicha kwenye maji ya chumvi, ikabidi kisichoonekana kifanye kazi ya kinachoonekana: maji matulivu, miguu ya waogeleaji, uso wa polisi ufukweni, maji tena. Hofu yote hiyo ilishonwa mezani. Na pale mtazamaji anaporuka kitini, kichwa cha maiti kinapochungulia kwenye tobo la mashua iliyozama, ile haikupigwa baharini. Walirudi kuipiga kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwa Fields, wakamwaga maziwa ya unga majini ili yaonekane machafu kama bahari.

Miaka miwili baadaye Marcia Lucas alikuwa mmoja wa wahariri watatu walioshinda kwa Star Wars. George Lucas, mumewe wakati huo na mwenye filamu, ametuzwa kwa heshima, lakini Oscar ya kushindaniwa hajawahi kuipata. Na Thelma Schoonmaker, anayemhariria mwongozaji Martin Scorsese tangu enzi za Raging Bull, anazo tatu. Scorsese anayo moja. Simaanishi kwamba wanaume hao ni wadogo. Ila mtu akiambiwa kwamba wanawake ndio kwanza wanabisha hodi kwenye sinema, na aulize hodi ya mlango upi, maana chumba cha nyuma walikwisha kuwamo, na funguo zilikuwa kwao.

Tatizo ni kwamba kazi hii ikifanywa vizuri haionekani. Mpiga picha akipata machweo mazuri, hata mtoto atasema picha ni nzuri. Mhariri akifanya vizuri, mtazamaji husema mwigizaji ni hodari. Wala anayepigia kura tuzo ya uhariri hana njia ya kujua ukweli, kwa sababu anachokiona ni kilichobaki. Hakuona saa mia moja zilizotupwa, wala ule mchezo mbovu wa mwigizaji nyota uliofichwa kwa kumkatia uso wa mwenzake anayesikiliza. Anapiga kura kwa kukisia. Huku kwetu ni hivyo hivyo na zaidi. Kava la Bongo Movie hubeba nyuso za waigizaji, na jina la edita hupita mwishoni kwa herufi za mchwa. Kwenye mabanda ya video mwendesha mitambo huzima kabla majina hayajaanza, kwa kuwa wateja wa filamu inayofuata wako mlangoni.

Kwa hiyo waongozaji wanawake wanapokaa wenyewe kwenye meza hiyo, mimi husimama kuangalia. Chloé Zhao, usiku ule wa 2021 alioshinda kwa Nomadland, alikuwa ameteuliwa mara nne kwa filamu hiyo hiyo, na uteuzi mmojawapo ulikuwa wa uhariri. Aliipiga filamu na watu halisi wanaoishi kwenye magari barabarani Marekani, wengi wao si waigizaji. Watu kama hao hawarudii tendo mara mbili kwa namna moja. Kisa kinapatikana mezani, ukikaa na vipande vyao hadi vikwambie nini kinafuata. Zhao alijua kwamba atakayeshika mkasi ndiye atakayesema neno la mwisho juu ya wale watu.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoiletea Nairobi kesi. Mwaka 2018 mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu, alimaliza Rafiki, filamu iliyotokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, kuhusu mapenzi ya wasichana wawili, Kena na Ziki, ambao baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Fedha zake zilitoka Afrika Kusini na nchi kadhaa za Ulaya, na mhariri alikuwa Isabelle Dedieu wa Ufaransa. Hilo nalo linanikera kidogo, kwa sababu pesa ya nje ikija mara nyingi huja na meza yake, na mabinti wa Nairobi na Dar es Salaam wanaojua kuhariri hubaki na matangazo ya sabuni na video za harusi. Filamu ilichaguliwa kwenda Cannes, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Kabla ya hapo bodi ilimtaka Kahiu abadilishe mwisho. Mwisho ule una matumaini, wasichana wanaonana tena baada ya miaka. Bodi ilitaka uwe wa majuto.

Kwa maneno mengine bodi ilikuwa ikiomba kukaa mezani. Haikudai filamu nzima, ilidai dakika chache tu za mwisho, na yeyote aliyewahi kuhariri anajua kwamba mwenye dakika za mwisho ana filamu yote, kwa kuwa kila kilichotangulia husomwa upya kwa mwanga wao. Kahiu alikataa.

Msimu wa tuzo ulipokaribia akaenda mahakamani. Kanuni za Oscar zilitaka filamu ya nje iwe imeoneshwa kwenye sinema za nchi yake kwa siku saba mfululizo kabla nchi haijaweza kuipeleka. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima tu. Watu walipanga foleni katika jumba la Prestige, Nairobi, tiketi zikaisha, maonyesho yakaongezwa. Siku ya nane marufuku ikarudi. Kamati ya Kenya iliichagua filamu nyingine, Supa Modo, iwakilishe nchi, na Rafiki haikufika Oscar. Ila kila aliyekata tiketi wiki ile aliuona mwisho ule ule uliotoka mezani, bila fremu hata moja kuondolewa.