Chopa ya Kwanza Migori na Homa Bay: Hesabu Ianzie kwenye Saa

Tajiri anayenunua helikopta kwa mara ya kwanza huanza na picha: rangi, viti vya ngozi, na vumbi litakaloinuka atakapotua mbele ya umati pale Rongo au Ndhiwa. Bei huja baadaye, na mara nyingi ndipo hesabu inapokomea. Swali ambalo lingemwokolea mamilioni ni dogo sana: ataruka saa ngapi kwa mwaka?

Tuchukue helikopta za Robinson, zinazotengenezwa Torrance, California, na ambazo ndizo mlango wa kuingilia kwa wanunuzi wengi wa mara ya kwanza duniani. R44, yenye viti vinne na injini ya pistoni, inatakiwa kufumuliwa upya kiwandani au kwa fundi aliyeidhinishwa baada ya saa 2,200 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. R66, yenye viti vitano na injini ya tabaini, ni saa 2,000 au miaka 12. Mwenye duka la jumla Migori mjini akiruka saa 100 kwa mwaka, basi miaka 12 itamkuta ametumia saa 1,200 tu za R44 yake. Saa 1,000 alizozilipia zinapotea. Kazi ya kufumua yenyewe hugharimu mamia ya maelfu ya dola, na kalenda haimwulizi mtu kama alikuwa na safari.

Ndiyo sababu helikopta ya mtumba yenye bei ya kuvutia huwa imebakiza miaka miwili. Tangazo litasema imeruka saa 700 tu, na ni kweli. Halitataja kwamba ina umri wa miaka kumi. Mnunuzi aliyezoea magari ya Mombasa hutazama kilomita kwenye dashibodi. Hapa cha kutazama kwanza ni tarehe iliyo kwenye daftari la matengenezo, kisha tarehe ya kila kipuri chenye ukomo wake.

Sasa ramani. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Homa Bay, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 275. Hadi Migori ni kama 260. R44 na R66 zote huenda karibu kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo ni safari ya saa moja na dakika ishirini hivi. Barabarani, ukipitia Narok na Kisii, siku inaisha. Hadi hapo helikopta imeshinda.

Tatizo ni kurudi. R44 hubeba lita zipatazo 176 na kunywa kama lita 57 kwa saa. Kwenda Homa Bay na kurudi bila kuongeza mafuta kutambakizia rubani dakika ishirini, na hapo upepo haujageuka wala hakuna wingu la kuzunguka. R66 hubeba lita 279, hunywa karibu 88 kwa saa, nayo itabakiza dakika 25. Hakuna rubani wa maana atakayekubali mpango huo. Lazima kujaza mahali, na uwanja wa Kabunde kule Homa Bay au wa Lichota pale Migori si mahali pa kutegemea pampu. Pa kutegemea ni Kisumu, chini ya kilomita 60 kutoka Homa Bay.

Na hapa ndipo uchaguzi wa injini unapoamuliwa. Kisumu inahudumia ndege za abiria kila siku, kwa hiyo mafuta ya Jet A-1 yapo. R66 na H125 ya Airbus hutumia hayo. R44 hutumia Avgas, ambayo ni petroli ya ndege ndogo, na Avgas haipatikani kila uwanja. Nje ya Wilson mwenye R44 hulazimika kupanga mapema, pengine kwa mapipa yaliyotangulizwa kwa lori. Mtu anaweza kuokoa dola nusu milioni kwa kuchagua R44 badala ya R66, kisha akawa anafukuzana na pipa la mafuta kila anapotaka kwenda kwao. Kwangu mimi, mkazi wa kusini mwa Nyanza anayetaka chopa ya kazi asiangalie R44 kabisa, labda kama anakaa Nairobi na anakuja nyumbani Krismasi tu.

Kuna pia suala la uzito, ambalo waheshimiwa wetu hawalipendi. R44 ikijazwa mafuta inabaki na nafasi ya kilo 324 hivi, rubani akiwemo. Ni watu wanne wa kilo 80 bila begi. R66 inabaki na kama 419. Halafu punguza kwa sababu ya joto. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, nyuzi 30 za joto, hewa ya ufukweni pale Mbita ni nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa karibu mita 1,950. Mapanga yanakamata hewa kidogo, injini ya pistoni inavuta pumzi ndogo, na mashine iliyoondoka kwenye uwanja wa wazi ikiwa na watu wanne inaweza kukataa kuinuka na watu walewale kutoka kiwanja cha shule kilichozungukwa na mikaratusi.

H125 haina matatizo hayo kwa kiasi hicho. Ni rubani na abiria watano au zaidi, karibu kilomita 240 kwa saa, tangi la lita 540, na inakwenda Homa Bay na kurudi ikibakiza dakika arobaini hivi. Bei yake ikiwa mpya inazidi dola milioni tatu. Ukoo wake, AS350 B3, ndio uliotua juu ya kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005, rubani akiwa Mfaransa Didier Delsalle. Hakuna mlima Kenya unaoishinda nguvu.

Lakini ilikuwa AS350 B3 ya polisi, bado mpya, iliyoondoka Wilson asubuhi ya Jumapili tarehe 10 Juni 2012 ikielekea Ndhiwa, na dakika chache baadaye ikaanguka katika msitu wa Kibiku, Ngong. Walikufa Waziri wa Usalama wa Ndani George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode aliyekuwa mbunge wa Ndhiwa, marubani Nancy Gituanja na Luke Oyugi, na walinzi wawili. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Kalpana Rawal. Anayepanga kumiliki helikopta ya kwenda Homa Bay asome habari za siku ile kwa makini, maana njia ni ileile atakayopita yeye kila wiki. Miaka minne kabla, tarehe hiyohiyo ya Juni, ndege ndogo ya Cessna iliyowabeba waziri Kipkalya Kones na naibu waziri Lorna Laboso kwenda Kericho iliangukia Narok.

Tazama njia yenyewe. Ukitoka Wilson, kabla hujatulia kitini unakutana na vilima vya Ngong, ambavyo Juni na Julai hufunikwa na ukungu hadi saa tatu au nne asubuhi. Ukivuka unashuka Bonde la Ufa, kisha unapanda tena ukingo wa Mau upande wa Narok. Mchana, mawingu ya mvua yanajijenga juu ya Kisii na Kericho, eneo linalojulikana duniani kwa radi na mvua ya mawe. Kwa hiyo dirisha la kusafiri kwa usalama ni katikati ya asubuhi hadi adhuhuri. Helikopta za kawaida za watu binafsi hazikuundwa kuruka ndani ya mawingu. Rubani lazima aone ardhi. Mazishi yakipangwa saa tatu asubuhi Karachuonyo, tajiri alale huko usiku uliotangulia. Mwenye chopa asiyeweza kumsikia rubani wake akisema leo haturuki, aajiri dereva.

Wapo wanaotaka kujiendesha wenyewe. Kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi wa helikopta ni saa 40 za kuruka. Robinson zina mapanga mawili yanayobembea pamoja juu ya mhimili. Fimbo ikisukumwa mbele kwa ghafla hadi mwili uhisi kuelea, kitovu cha mapanga kinaweza kugonga mhimili na kuukata. Marekani iliweka kanuni maalumu ya mafunzo ya R22 na R44 mwaka 1995 kwa sababu hiyo. Upepo unaovunjika nyuma ya vilima vya Ngong si darasa la mtu mwenye saa 40.

Upande wa makaratasi nitapita haraka. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) hutoa cheti cha usajili chenye alama za 5Y na cheti cha ubora wa kuruka. Ya mtumba kutoka nje lazima kwanza ifutwe kwenye daftari la nchi ilikotoka. Suala la VAT liulizwe Mamlaka ya Mapato (KRA) kabla ya kulipa amana, kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilishwa kila mwaka. Jambo moja linalosahaulika: Kenya iliridhia Mkataba wa Cape Town mwaka 2006, na madeni yaliyoandikishwa chini yake hutafutwa mtandaoni katika sajili iliyoko Dublin. Mkataba unahusu helikopta zilizoidhinishwa kubeba watu watano au zaidi, rubani akiwemo. R66 imo. R44 haimo, na deni lake litafutwe kwa njia nyingine.

Kuhusu maegesho, wengi wanataka ilale nyumbani. Mafundi wenye leseni wako Wilson zaidi, na kila ukaguzi wa saa 100 utakuwa safari ya kilomita 550 ya kwenda na kurudi bila abiria. Ikilala Wilson, kila safari ya mkazi wa Homa Bay inaanza na chopa tupu kuja kumchukua. Jaribu tarakimu hizi za mfano kwa R66 ya mtumba: bima dola 40,000 kwa mwaka, rubani 45,000, banda na ukaguzi 20,000, akiba ya kufumua 30,000. Ni 135,000 kabla ya tone la mafuta. Kwa saa 100 ni dola 1,350 kila saa. Kwa saa 40 tu, ni 3,375. Kwa bei hiyo mtu angekodi tu.

Kisha kuna kutua kwenyewe. Panga la mkia la R44 liko mita moja na ushee kutoka ardhini, kimo cha kifua cha mtu mzima, na likizunguka halionekani. Kwenye matanga, watoto huikimbilia helikopta kutoka nyuma. Anatakiwa mtu aliyetangulia kwa gari, aliyefunga kamba, aliyehamisha hema na mabati yaliyolegea, na atakayesimama upande wa mkia hadi mapanga yanyamaze. Mshahara wake nao uingie kwenye hesabu.

Kufikia hapo mnunuzi huwa amepata jibu lake: ataikodisha kwa wanasiasa, uchaguzi ni Agosti 2027. Helikopta iliyosajiliwa kwa matumizi binafsi hairuhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Kazi hiyo inahitaji cheti cha mwendeshaji na leseni ya huduma za anga, na njia ya kawaida ni kuiweka chini ya kampuni ambayo tayari inavyo. Mkataba useme nani anachagua rubani, nani analipa bima pakitokea ajali kwenye mkutano wa siasa, na kila saa inayorukwa inachangia shilingi ngapi kwenye akiba ya kufumua. Kampeni za miezi mitatu zinaweza kula saa 300, na zote zinatoka kwenye zile 2,000.