Nasaba za Kubuni katika Mchezo wa Maisha

Nasaba huanza kuwa hadithi kabla ya kuwa hati. Mwenye cheo hutaka cheo chake kionekane kikongwe kuliko yeye mwenyewe, na pale kumbukumbu isipofika, ubunifu huitwa usaidie. Rudolf wa Nne, mtawala wa Austria wa ukoo wa Habsburg, alifanyiza hati za uongo katika miaka ya 1358 na 1359 ili nyumba yake ipate haki zisizokuwa zake. Ndani yake zilikuwamo barua zilizodaiwa kuwa za Julius Caesar na Nero. Kaisari Charles wa Nne alitaka shauri la Petrarch, mshairi na mwanachuoni wa Italia, naye mwaka 1361 akajibu kuwa barua hizo si za kweli. Walakini mwaka 1453 Kaisari Frederick wa Tatu, aliyekuwa wa ukoo huo huo wa Habsburg, alizithibitisha hati zile zikawa sheria. Uongo ulioshindwa mbele ya elimu ulishinda mbele ya kiti cha enzi.

Kazi hiyo, iliyokuwa ya makatibu wa wafalme, leo hufanywa na watu wa kawaida, wala hawakusudii kumdhulumu mtu. Mwaka 2000 ulitolewa Marekani mchezo wa kompyuta uitwao The Sims, uliobuniwa na Will Wright. Ndani yake mchezaji hujenga nyumba, hutia watu, kisha huwaongoza katika kula, kulala, kazi na mapenzi. Sehemu ya pili ya mchezo huo, iliyotoka mwaka 2004, ilileta uzee na mauti, sura zinazorithiwa kutoka kwa mama na baba, na mti wa nasaba unaoonyesha nani kamzaa nani. Hapo mlango ulifunguka. Wachezaji walianza kuwaandikia watu wao habari za mababu: mabwana wa ngome, mabinti wa wafalme, ndugu waliogombea urithi. Habari hizo ni fasihi, ijapokuwa ni fasihi changa, na fasihi yoyote inastahili kupimwa.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kuwa mchezo wenyewe haujui ukabaila. Jamaa mpya waingiao katika sehemu ile ya pili hupewa simoleon 20,000, fedha ya mchezo huo, wawe na jina la mfalme au la mvuvi. Hakuna sheria ya kurithi cheo, wala mtu hainamiwi kwa sababu ya babu yake. Kwa hiyo kabaila wa mchezo hana ukabaila wowote ila ule alioandikiwa. Habari ya ukoo ndiyo msingi wenyewe wa nyumba. Ikiwa dhaifu, mwenye ngome huwa mtu wa kawaida aliyevaa joho.

Waliotengeneza mchezo walitoa kielelezo chao wenyewe. Katika mji wa Veronaville waliweka koo mbili zenye uadui, Capp na Monty, zilizochotwa katika tamthilia ya Romeo and Juliet ya Shakespeare, na wakachanganya na majina ya King Lear. Mzee Consort Capp ana mabinti Goneril, Regan na Cordelia. Cordelia amekwisha kufa, na watoto wake watatu, Juliette, Tybalt na Hermia, wanalelewa na babu yao. Upande wa pili, Romeo na Mercutio ni yatima vile vile, nao wanakaa na babu na bibi yao, Patrizio na Isabella.

Mpango huo una akili zaidi ya mzaha wa majina. Katika kila nyumba kizazi cha katikati kimeondolewa. Chuki ya wazee inawaangukia wajukuu moja kwa moja, bila ya baba wala mama wa kusimama kati na kuipunguza makali. Shakespeare mwenyewe hakueleza chanzo cha ugomvi wa koo zake mbili. Alitosheka kuonyesha kuwa ni wa kale. Watengenezaji walijifunza somo hilo: habari njema ya ukoo si ile inayoeleza yote, bali ni ile inayoacha jeraha na kuficha kisu. Msomaji akikumbuka kuwa mwaka 1596 Shakespeare na baba yake walikuwa wakitafuta ngao ya heshima, na kuwa ombi lao lilitaja utumishi wa wahenga wao kwa Mfalme Henry wa Saba, ataona kuwa mwandishi huyo aliijua biashara ya nasaba kwa ndani na kwa nje.

Habari nyingi za wachezaji hazifikii kiwango hicho. Aghalabu mhenga wa kwanza hushinda vita akapewa ardhi na mfalme; mwanawe hulishwa sumu; mjukuu hupotelewa na ndugu pacha; kitukuu ni binti mzuri anayekataa kuozwa. Kila mmoja ana muhuri na wito wa ukoo. Kasoro ya habari hizo si kuwa ni za uongo, maana msanii hadaiwi ukweli wa namna hiyo. Kasoro yake ni kuwa hazina gharama. Ngome ipo, lakini haijulikani nani aliibeba mawe. Karamu ipo, lakini haijulikani nani alilima nafaka. Hazina imejaa, wala hakuna aliyetozwa kodi.

Upungufu huu unatoka kwa sehemu katika mchezo. Mtumishi wa nyumba na mtunza bustani huja, hulipwa, huenda zao. Hawamo katika mti wa nasaba wa nyumba wanayoitunza, isipokuwa mchezaji amwoze mmoja wao ndani ya ukoo. Mwandishi asiye macho huigeuza kanuni hiyo kuwa tabia ya hadithi yake.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana sababu ya kulitambua jambo hili. Tarehe ya Kilwa husimulia mfalme wa Shiraz aliyevuka bahari pamoja na wanawe katika majahazi saba. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa mifupa ya kale ya miji ya pwani, nao ulionyesha kuwa katika watu waliochunguzwa asili ya Uajemi imo kweli, tena kwa upande wa waume. Lakini sehemu kubwa, iliyozidi nusu kwa wengi wao, ni ya Afrika, na hasa imetoka kwa wanawake. Basi masimulizi hayakusema uongo juu ya mababa, yaliwasahau mama. Kama nasaba iliyohifadhiwa kwa heshima kubwa namna hiyo iliweza kuiacha nusu ya damu yake, mchezaji wa leo anayeandika kwa kujifurahisha ataacha kiasi gani?

Huenda mtu akasema kuwa mchezo ni mchezo, na kuwa kuudai haki ni kuuonea. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mtu anayebuni ukoo huchagua ni nani wa kukumbukwa na ni nani wa kusahauliwa, na uchaguzi huo humwonyesha alivyo kuliko anavyodhani. Isitoshe, mchezo wenyewe unampa msaada asioutumia. Moto wa jikoni huweza kumwua mrithi aliyeandaliwa kwa miaka. Mtoto asiyetarajiwa huzaliwa na pua ya babu aliyechukiwa. Maadui hupendana bila kuagizwa. Wachezaji dhaifu huyafuta mambo hayo ili hadithi yao iende ilivyopangwa. Wachezaji hodari huyaandika, na hapo ukoo hupata uhai, kwa kuwa nyumba hujulikana kwa jinsi inavyopokea lile isilolitaka.

Kipimo cha habari ya ukoo wa kubuni, kwa hiyo, si wingi wa vyeo wala urefu wa vizazi. Ni kama mpishi ana jina, kama deni lina mwenye kulidai, na kama mama aliyeolewa kutoka nyumba isiyo na ngao anasimama mtini pamoja na mumewe. Uungwana ni vitendo, husema wahenga. Nasaba isiyoonyesha kitendo hata kimoja ni orodha ya majina, na mauti peke yake yana orodha ndefu kuliko hiyo.