Kielezi Hakijulikani kwa Mkia Wake

Katika sarufi ya Kiingereza iko kanuni moja ambayo wanafunzi huipenda kwa kuwa ni fupi: neno liishialo kwa herufi l na y ni kielezi, na lisiloishia hivyo ni sifa. Twakiri kwamba kanuni hiyo husaidia mara nyingi: slow ni sifa, na slowly ni kielezi. Walakini imewapoteza wengi, na yatupasa sisi walimu kuipima kabla ya kuiandika tena ubaoni.

Kwanza, yako maneno yenye mkia huo ambayo si vielezi. Friendly ni sifa, kama tusemavyo a friendly man, yaani mtu mwenye urafiki. Pili, yako yasiyo na mkia, nayo ni vielezi: often, soon, well. Tatu, na hapa ndipo penye hatari, yako yageukayo maana yakitiwa mkia. Kijana atafutaye kazi ataka kusema kwamba hufanya kazi kwa bidii. Aikumbuka kanuni, aandika: I work hardly. Bwana asomaye barua adhani kijana amejishitaki mwenyewe, maana I hardly work ni kusema, "Sifanyi kazi ila kidogo sana." Ilimpasa kuandika: I work hard. Basi herufi mbili zaweza kumnyima mtu riziki yake.

Lawama si ya walimu wa vijijini peke yao. Mwaka 1762 Robert Lowth, mtu wa elimu kubwa ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza, na ndani yake aliwakosoa waandishi waliotumia sifa mahali pa kielezi pasipo kuongeza mkia. Lindley Murray akamfuata katika sarufi yake ya mwaka 1795, iliyosomwa na watu wengi mno Uingereza na Marekani. Twaiheshimu elimu yao, lakini hukumu hiyo ikifuatwa bila kuangalia asili ya maneno, huwaonea wasio na kosa. Zamani sana vielezi vingi vya Kiingereza viliishia kwa sauti e, na kwa sauti hiyo hard ya kielezi ilitengwa na hard ya sifa. Vivyo hivyo mkia wa friendly na mkia wa slowly ulitofautiana kwa sauti ya mwisho. Sauti hizo zilipoanguka, maneno yakafanana. Kwa hiyo hard ya kielezi si sifa iliyopotea njia. Ni kielezi cha haki tangu kale.

Basi tufanyeje? Tuliulize neno kazi yake, wala si vazi lake. Likieleza jina, ni sifa; likieleza kitendo, au sifa, au kielezi kingine, ni kielezi. A fast train: fast yaeleza gari la moshi, ni sifa. He runs fast: yaeleza kukimbia, ni kielezi. Wala tusidanganywe na mahali neno liliposimama. The food smells good: good yafuata kitendo, lakini yaeleza chakula, kwa hiyo ni sifa.

Jambo hili si geni kwetu. Twasema "vitabu vizuri", tena twasema "mtoto asoma vizuri". Neno ni moja, kazi ni mbili, na hata mtoto mdogo hachanganyikiwi, kwa sababu huisikia kazi ya neno kabla ya kutazama umbo lake. Mwalimu na aanzie hapo, kwa lugha ambayo mtoto aijua, ndipo amvushe kwenda Kiingereza. Kanuni ya mkia na ibaki kuwa fimbo ya kutembelea, isiwe macho.