Lenzi ya Gramu 116 na Vitufe Visivyokuwapo

Lenzi tunayoichambua leo ina uzito wa gramu 116 na unene usiofika sentimita tatu ikiwa imejikunja. Jina lake ni Sony E PZ 16-50mm f/3.5-5.6 OSS. Ilitoka mwaka 2012 pamoja na kamera ya NEX-6, kisha ikauzwa na a6000 ya mwaka 2014 na baadaye ZV-E10 ya mwaka 2021. Kwa kuwa ilifungashwa na kamera nyingi kiasi hicho, leo ni miongoni mwa lenzi zinazopatikana kirahisi kwenye maduka ya mtumba. Kijana wa Runazi, wilayani Biharamulo, anayeanza kazi ya picha kwa mtaji wa kuungaunga, akitarajia harusi, kipaimara na mahafali ya shule, ana kila sababu ya kuanza na hiyo.

Swali la uchambuzi huu ni namna urahisi wake ulivyopatikana. Jibu langu ni kwamba kila kilichopunguzwa kwenye bei kiliondoka na kitu ambacho mkono wa mpiga picha ungekishika. Kazi ya kitu hicho ikahamishiwa kwenye programu ya kamera. Na programu, tofauti na kioo, inaweza kufungwa kulingana na nchi bidhaa ilikouzwa. Ndiyo maana mnunuzi wa Biharamulo au Ngara hawezi kuipima bei ya lenzi hii bila kwanza kuvitazama vidhibiti vyake.

Umbo lilivyopunguzwa

Ndani yake mna vioo tisa katika makundi manane, na vinne kati ya hivyo vimechongwa kwa mkunjo usio wa duara kamili ili kioo kimoja kifanye kazi ya viwili. Kwenye sensa ya ukubwa wa APS-C, upeo wake ni sawa na milimita 24 hadi 75 za kamera ya filamu. Chumba kidogo cha bibi harusi kinaenea, na uso wa mtu mmoja unapigika bila kumsogelea mno.

Ufupi huo ulipatikana kwa kukubali kasoro kwa makusudi. Kwenye milimita 16, picha ghafi ya lenzi hii ina mistari iliyopinda kuelekea nje na pembe zilizofifia kwa giza. Kamera ndiyo inayoinyoosha mistari hiyo na kuzing'arisha pembe kabla hujaiona picha kwenye kioo cha nyuma. Kwa baadhi ya lenzi kamera haikupi hata nafasi ya kuzima marekebisho hayo, maana mbunifu alishayahesabu kuwa sehemu ya lenzi yenyewe.

Gharama ya ujanja huu inaonekana kwenye picha ya ukoo, ile inayopigwa nje ya kanisa watu wakiwa wamepangwa safu tatu. Kunyoosha picha ni kuivuta, na inayovutwa zaidi ni pembe. Shangazi aliyesimama mwisho wa mstari atatoka mnene kuliko alivyo, na uso wake utakuwa hafifu kuliko wa maharusi waliosimama katikati. Dawa ni kurudi nyuma hatua chache na kupigia kwenye milimita 20 au 24, ambako lenzi inahitaji kunyooshwa kidogo.

Mkono ulivyoondolewa

Itazame kwa nje. Kuna pete moja na kitelezi kimoja ubavuni chenye herufi W na T. Basi. Hakuna swichi ya kubadili kati ya fokasi ya kujiendesha na ya mkono, hakuna swichi ya kuzima kizuia mtikisiko, na hakuna pete ya tundu la mwanga.

Linganisha na vifaa vilivyowahi kufika maeneo haya haya. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikajulikana dunia nzima. Mpiga picha Mbrazili Sebastião Salgado aliipiga picha kambi hiyo mwaka huo. Yeye alikuwa mtu wa Leica na lenzi zisizo na zumu, na lenzi za namna hiyo huwa na namba za tundu la mwanga zilizochongwa kwenye pete yake. Mpiga picha huzisoma na kuzizungusha kamera ikiwa bado imezimwa, kabla hata hajaiinua usoni.

Pete ya 16-50 haijashikana na kioo chochote. Ukiizungusha, inapeleka ishara kwenye mota, na mota ndiyo inayosogeza vioo. Fokasi ikiwa ya kujiendesha, pete inafanya zumu. Ukihamia fokasi ya mkono, pete ile ile inakuwa ya fokasi, na zumu inabaki kwenye kitelezi. Kwa video mota hiyo ni neema, kwa sababu zumu inakwenda kwa mwendo mmoja bila mikono kutetemeka. Kwa picha za tukio ni kero: kati ya kuzungusha na kufika kuna kuchelewa, na ukizima kamera ili kutunza betri, ukiiwasha inarudi milimita 16 hata kama uliiacha 50.

Kilichopungua zaidi ni mwanga. Tundu linaanzia f/3.5 kwenye milimita 16 na kuishia f/5.6 kwenye milimita 50. Kwa hesabu, mwanga unaoingia ukiwa umevuta mwisho ni kama asilimia 39 tu ya ule unaoingia ukiwa umefungua upana wote. Ukumbini usiku, ukiwa umepiga kwa ISO 1600, ukivuta ili kuupata uso wa bibi harusi kamera itapanda hadi karibu ISO 4000, na chenga zitaonekana kwenye shela jeupe. Anayeijua tabia hii hasimami mbali akivuta. Anasogea kwa miguu na kuiacha lenzi kwenye upana wake.

Kufuli tatu za nchi

Sasa tuingie kwenye mipaka. Kamera ndiyo inayoiendesha lenzi hii kwa kila kitu, kwa hiyo kizuizi chochote cha kamera ni kizuizi cha lenzi pia.

Kufuli ya kwanza ni lugha. Kamera nyingi za Sony zilizouzwa ndani ya Japani, a6000 ikiwemo, zina menyu ya Kijapani peke yake. Soko la mtumba la Japani ni kubwa na vifaa vyake hutunzwa vizuri, hivyo kamera safi ya bei ya chini mno ina sababu ya kutiliwa shaka. Kwa lenzi yenye swichi zake, menyu usiyoisoma ingekuwa usumbufu mdogo. Kwa lenzi isiyo na swichi hata moja, kuzima kizuia mtikisiko ukiwa umeiweka kamera kwenye stendi kunakuwa kazi ya kubahatisha.

Kufuli ya pili ni mfumo wa video. Modeli za Japani na Marekani Kaskazini za kizazi hicho hurekodi kwa mfumo wa NTSC, yaani picha 30 au 60 kwa sekunde, na kipengele cha kuhamia PAL, mfumo wa picha 25 au 50, hakimo. Umeme wetu ni wa hezi 50, hata huu wa Maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Taa za LED za bei nafuu kwenye umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi kwa shata ya 1/60, mistari ya giza itapita juu ya picha kama pazia linalopanda. Weka shata 1/50 au 1/100 kwa mkono na mistari itatoweka, kwa sababu kila picha itakuwa imepokea mipepeso kamili. Kati ya hizo mbili, ukirekodi picha 30 kwa sekunde, chagua 1/50, maana kwa lenzi ya f/5.6 huna mwanga wa kutupa.

Kufuli ya tatu ilitoka Ulaya. Umoja wa Ulaya uliihesabu kamera inayoweza kurekodi mfululizo kwa dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video, yenye ushuru wake, wakati kamera ya picha iliingia bila ushuru. Watengenezaji wakaikata video kwenye dakika 29 na sekunde kadhaa, na mkato huo ukaenda mpaka kwa wanunuzi wasiohusika na forodha ya Ulaya. Misa ya ndoa haimaliziki kwa dakika 29. Mpiga video wa a6000 asipokumbuka kubonyeza upya, anaweza kukosa kiapo chenyewe. ZV-E10 haina tena ukomo huo.

Kwamba kufuli hizi ni za maandishi ya programu tu, kuna ushahidi wake. Watumiaji walitengeneza programu ya bure iitwayo OpenMemories, ambayo kwenye a6000 na ndugu zake wa wakati ule hufungua zote tatu: lugha, kibadilishi cha PAL na NTSC, na ukomo wa kurekodi. Sakiti ilikuwa na uwezo huo tangu kiwandani. Programu hiyo haitambuliwi na mtengenezaji na haifanyi kazi kwenye kamera mpya, kwa hiyo anayeitumia abebe lawama yake mwenyewe.

Bei inavyopanda hadi Runazi

Marekani, lenzi hii peke yake ilitangazwa kwa dola 350 hivi ilipotoka. Lakini a6000 ilipoanza, bodi tupu ilikuwa dola 650 na bodi yenye lenzi dola 800. Lenzi ile ile, ndani ya boksi la kamera, ikawa dola 150. ZV-E10 ilipokuja, tofauti ilishuka hadi dola 100, na ZV-E10 II ya mwaka 2024, yenye toleo la pili la lenzi hii la gramu 107, ikabaki na tofauti hiyo hiyo ya dola 100. Hapo ndipo wafanyabiashara walipoona nafasi. Wananunua seti kamili, wanaitenganisha, wanauza bodi kivyake na lenzi kivyake kwenye boksi jeupe lisilo na maandishi. Lenzi hiyo ni halali na ni mpya, ila mara nyingi imekuja bila dhamana.

Tuifanyie hesabu ya mfano. Lenzi na nauli yake mpaka bandarini tuseme ni dola 160. Viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni 0, 10, 25 na 35 kwa mia, kutegemea bidhaa ilivyopangwa. Ikipangiwa 10, inakuwa dola 176. VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya 176, wala si juu ya 160, hivyo inafika dola 207.68. Ikipangiwa 25, inafika dola 236. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, ni kati ya shilingi 519,200 na 590,000 kabla ya tozo ndogondogo na faida ya mtu yeyote. Dubai, yenye VAT ya asilimia 5, mteja anaondoka nayo dukani kwa chini ya shilingi 400,000 ikiwa bei ya msingi ni dola 150. Pengo hilo ndilo linalojaza mabegi ya wanaorudi Kariakoo.

Wapo wanaoamini kuvuka Rusumo kwenda Kigali, au Mutukula kwenda Kampala, ni kukwepa kodi. Rwanda na Uganda nazo zinatoza VAT ya asilimia 18, na ushuru wa forodha kimsingi ni wa jumuiya moja. Ukikuta bei nzuri huko, imetokana na ushindani wa maduka au thamani ya fedha siku hiyo. Shilingi yetu yenyewe iliteleza kutoka takriban 2,300 kwa dola mwanzoni mwa 2023 hadi kupita 2,600 katikati ya 2024, kisha ikapata nguvu mwishoni mwa mwaka huo. Lenzi ilipanda na kushuka bei bila hata skrubu yake moja kubadilika.

Gharama kubwa kwa mtu wa Runazi haimo kwenye hesabu hiyo. Ni kununua bila kujaribu. Mzigo unatumwa kwa basi, pesa zimetangulia kwa simu, na muuzaji amekwishasema, "Kaka, hiyo ni mzigo wa Dubai, haina shida." Lenzi ya mota ikigoma kufunguka, kamera nzima inasimama, na kuirudisha Mwanza au Dar es Salaam ni nauli na siku za kazi zilizopotea. Vumbi jekundu la barabara za ndani nalo si rafiki wa lenzi inayotoka na kurudi ndani kila kamera inapowashwa.

Uamuzi

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji video fupi isiyokatwa. Awashe na kuzima kamera mara kadhaa lenzi ikitoka na kurudi. Avute kwa kitelezi hadi mwisho na kurudi, kisha kwa pete. Afungue menyu uione lugha, na uone kama kuna mstari wa PAL/NTSC. Mwisho arekodi chini ya taa ya LED. Asiyekubali dakika mbili za video amekwishakujibu.

Kwa kazi ya video, seti ya kimataifa ya kamera na 16-50 yenye mikwaruzo ya nje ina thamani kuliko ya Kijapani inayong'aa, na punguzo lolote la hiyo ya pili lisihesabiwe kuwa faida mpaka kufuli zake zifunguliwe. Kwa anayepiga picha za mgando tu na bado hajanunua bodi, Nikon Z DX 16-50mm ya mwaka 2019, yenye gramu 135, nayo hujikunja lakini kwa kuzungushwa na mkono. Haina mota ya zumu ya kufa, na pale ulipoiacha ndipo utakapoikuta ukiiwasha tena. Inazidi kwa gramu 19 tu, na kwa mtu aliye mbali na fundi, gramu hizo ni za kununua.