Pushirodi Haitoi Upepo

Kubadili masta silinda ya klachi kwenye Fuso au Dyna ni kazi inayoharibikia mwishoni, tena kwa uamuzi mmoja: fundi akishindwa kuumaliza upepo ulionaswa kwenye mafuta, huirefusha pushirodi, fimbo ya pedeli inayoisukuma pistoni, ili pedeli ishike. Gia huingia, mwenye lori hulipa, na kosa huondoka nalo gereji.

Mwanzo wa kazi, kama ifanyikavyo Gatsata jijini Kigali, hauna kubwa la kulaumiwa: masta ya zamani hutolewa, mpya hufungwa, mafuta ya breki hujazwa. Kasoro ya kudumu ni chupa iliyokaa wazi rafuni. DOT 3 kavu, yaani mafuta ya breki yasiyo na unyevu, huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140. Na anayejazia mafuta ya haidroliki kwa hoja kwamba yote ni mafuta, huvimbisha raba za silinda zote mbili, masta na ile ya chini.

Kisha tandiboi hupanda kabini. Pampu, kamata! Fundi aliye chini hulegeza skrubu ya kutolea upepo kwa spana namba 10, povu hutoka, skrubu hufungwa kabla pedeli haijaachiwa. Ugumu ni kwamba masta mpya iliingia kavu. Upepo wake hukaa juu, ndani ya silinda na kwenye mpindo wa bomba. Pedeli ikikanyagwa, upepo huo hushuka kidogo; ikiachiwa, hupanda tena. Kupampu mbiombio huligawa povu moja kubwa kuwa mengi madogo, na hayo ndiyo magumu kutoa.

Hapo ndipo nati ya pushirodi hulegezwa. Kati ya pushirodi na pistoni panatakiwa nafasi ndogo, kama milimita 1, ili pistoni irudi hadi mwisho na kuacha wazi tundu dogo linaloelekea kwenye kikopo cha mafuta. Pushirodi ikirefushwa, pistoni hubaki imesukumwa mbele na raba yake huziba tundu hilo. Upepo uliokuwa ukijipandia wenyewe kuelekea kikopo hukosa njia. Dawa iliyotafutwa kwa ajili ya upepo huwa ndiyo inayoufungia ndani.

Hasara ya pili huonekana njiani. Joto la injini na giaboksi huyapanua mafuta, na upepo uliobaki hupanuka zaidi. Kwa kuwa hakuna pa kurudi, presha huisukuma silinda ya chini, na beringi ya klachi huigandamiza presha pleti wakati mguu wa dereva haupo kwenye pedeli. Lori lililobeba mzigo likitoka Nyabugogo kuupanda mlima wa Shyorongi, injini hunguruma, magurudumu hayafuati, na harufu ya kuungua huingia kabini. Lawama huiangukia klachi pleti. Hununuliwa nyingine, nayo huungua vilevile, kwa kuwa pushirodi haikuguswa.

Mafundi wa enzi za malori ya Benzi 911 hawakuhitaji hila hii. Masta ilijazwa mafuta mezani na pistoni ikasukumwa polepole mpaka mapovu yakaisha, ndipo ikafungwa. Upepo ukikaidi, bomba la sindano la mifugo lilichomekwa kwa mpira kwenye skrubu ya chini, mafuta yakasukumwa kwenda juu, upande ambao upepo wenyewe hutaka kwenda. Fundi alisimama juu ya kikopo akitazama mapovu yakiibuka moja moja, kisha yakakoma.

Kazi iliyokamilika huthibitishwa kwa mambo matatu. Injini ikiunguruma taratibu, rivasi huingia kwa mkanyago mmoja bila kukwaruza. Pedeli ikishikiliwa chini kwa nusu dakika, haizami. Na injini ikishapata moto, pedeli ikibonyezwa kwa kidole bado hucheza kidogo kabla ya kugusa pistoni. Isipocheza, pushirodi irudishwe ilipokuwa, na upepo uanze kutolewa upya.