Uzi uliozunguka na kuumaliza ubishi

Bakteria anayepumua oksijeni hupata sehemu kubwa ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya kuendesha seli, kwenye utando wake. Vimeng'enya vya upumuaji husukuma protoni nje mpaka zinarundikana kama maji nyuma ya bwawa. Njia yao kuu ya kurudi ndani hupita kwenye kimeng'enya kiitwacho ATP sinthesi. Peter Mitchell wa Uingereza alitoa hoja hiyo mwaka 1961, akabishiwa kwa miaka mingi, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel.

Swali gumu lilibaki: protoni kupita kunazaaje ATP? Mmarekani Paul Boyer alishikilia kwamba katikati ya kimeng'enya kuna mhimili unaozunguka. Mwaka 1994 kundi la John Walker lilichapisha muundo wake kutokana na fuwele, nao ulikubaliana na Boyer. Lakini fuwele haisogei.

Mwaka 1997 Wajapani Noji, Yasuda, Yoshida na Kinosita waliamua kuutazama mzunguko wenyewe. Walichagua kimeng'enya cha bakteria apendaye joto, Bacillus PS3, kwa sababu protini zake ni imara. Sehemu ya utandoni waliiacha, wakabaki na kichwa, F1, wakakinasisha kwenye kioo chenye nikeli, mhimili ukielekea juu. Kichwa hicho kina upana wa nanomita 10 hivi. Hadubini ya mwanga haiwezi kuuonyesha mhimili wake ukizunguka. Kwa hiyo kwenye ncha ya mhimili walifunga uzi wa aktini unaong'aa, mrefu mara mia na zaidi kuliko kichwa chenyewe. Walipotia ATP, uzi ukazunguka kinyume cha saa, mizunguko zaidi ya mia, bila kugeuza mwelekeo.

Ni kazi ya kustaajabisha, ila hapo kimeng'enya kilikuwa kinakula ATP, hakitengenezi. Ndiyo maana mimi nalipa uzito zaidi jaribio la 2004, la Itoh, Kinosita na wenzao. Badala ya uzi walifunga chembe ya sumaku, wakaizungusha kwa nguvu upande wa pili. ATP ikatokea, ikatambuliwa kwa mwanga wa kimeng'enya cha kimulimuli. Hapakuwa na mtiririko wa protoni kabisa. Mzunguko peke yake ulitosha.

Ndani ya bakteria, wa kuuzungusha mhimili ni protoni, zikipita kwenye pete iliyo utandoni. Pete ya PS3 ina vipande 10: protoni 10 kwa mzunguko mmoja, ATP 3. Bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu, huizuia pete ya namna hiyo hiyo isizunguke.